Sufuri Mbili

Mwalimu Kabasinguzi alituuliza, darasani Hoima,
kitabu kimelala kifudifudi mezani:
"Bahili ni mtu wa namna gani?"
Hatukukitazama kitabu. Darasa zima likajibu: Byenkya!
Byenkya wa mashine ya kusaga,
Byenkya mkono wa birika,
afagiaye unga sakafuni jioni, akaupepeta,
asubuhi akaupima, akauuza.
Huzima taa mteja akigeuza kisogo.
Vishina vya mishumaa huvitia koponi,
kopo akalitia ndani ya kopo.
Hata empaako ya mtu haulizi,
maana ukiuliza huna budi kuitamka,
na kuitamka, kwake, ni kutoa.

Mimi nilicheka kidogo, kwa ajili ya wenzangu.
Jumamosi nilikuwa nikimwandikia daftari
kwa ujira wa debe la pumba,
na siku moja alinituma sandukuni nimletee mizani ndogo.
Chini ya risiti, chini ya kufuli lisilo na ufunguo,
bunda la noti za zamani,
limefungwa kwa kamba ya mgomba.
"Rudisha," akasema. Kisha, bila kuulizwa:
"Hizo ni ng'ombe kumi na wanne."

Redio ilisema sufuri mbili zimekatwa,
watu wapeleke noti zao kabla ya siku fulani.
Yeye alikuwa Kigorobya, amelala na homa.
Alipofika, mguu mmoja una kiatu,
dirisha la benki likafungwa mbele ya pua yake.
Akiba haiozi, alifundishwa hivyo na mama yake.
Kweli haikuoza.
Nilinusa mwenyewe: bado ilinuka ng'ombe.

Basi nikamtazama na miwani yake,
vioo viwili vya duara juu ya pua,
sufuri mbili
alizokataa kukatwa.

Kitabuni, ukurasa wa mwisho,
bahili anaamka anacheka,
ananunulia mtaa mzima nyama.
"Amebadilika," akasema Mwalimu,
nasi tukaandika: amebadilika. Nukta.

Jioni ile nilipeleka mahindi yetu.
Ikapungua shilingi mia.
Mashine ikanyamaza, mkanda ukapigapiga, ukatulia.
Byenkya (kwa Kinyoro jina hilo ni mambo ya kesho)
akanitazama kwa zile sufuri, muda mrefu,
unga umemkaa kwenye nyusi.
"Empaako yako nani?"
Nilishtuka, nikataka kukimbia.
"Atwooki."
"Atwooki," akasema, taratibu,
kama mtu anayetoa sarafu kwenye fundo la leso
na fundo limekaza miaka mingi.
"Atwooki," tena, ya pili, ya bure kabisa.

Akanitwisha debe kichwani kwa mikono yake.
Kifuniko akabaki nacho.
"Rehani," akasema. "Mia yangu, kesho."