Matabaka Matatu Jikoni

Brno, Februari. Theluji imegeuka tope,
mabomba ya joto yanagongagonga ukutani.
Nimetafuta karatasi tatu: ratiba kuukuu ya tramu,
bili ya gesi, na moja nyeupe isiyodaiwa na mtu.
Nimezipanga, moja mgongoni mwa mwenzake,
nikazidunga kwa sindano ya makoti.
Matundu mawili.
Bořek anauliza la tatu liko wapi,
maana nilimwahidi matatu.
Liko mbali, nikasema, kule karatasi zinakokoma
na kuendelea hata hivyo.

Mkasi, toka tundu la kwanza hadi ukingoni:
ratiba na bili zimechanika.
Gundi sasa, lakini kwa kukingamana,
ukingo wa huyu kwa ukingo wa yule.
Toka tundu la pili, vivyo hivyo, bili na nyeupe.
Hapo karatasi inagoma.
Karatasi haipenyi ndani ya karatasi.
Miaka thelathini na minne nimewafundisha vijana wa watu
kujifanya inapenya,
na wengi wao wamekuwa wahandisi wazuri tu.

Tembeza kidole, nikamwambia.
Kikaanza kwenye ratiba, kikazunguka tundu la kwanza,
kikatua pale pale,
na pale pale palikuwa bili ya gesi.
Akakiinua kidole akakitazama
kana kwamba kimemficha jambo.
Zungusha tena. Ratiba.
Nyeupe haikuguswa na safari ile,
ililala chini, haina habari.

Sasa zunguka la kwanza, halafu la pili:
ukitoka kwenye ratiba utafika nyeupe.
Anza na la pili, halafu la kwanza:
utaishia kwenye bili.
Njia zile zile, miguu ile ile,
zamu tu ndiyo imepinduka.
Bořek, mwenye miaka saba, akasema si haki.
Si haki, kweli. Ni kundi.

Pinda njia utakavyo, ivute, ilegeze,
kiguu na njia mpaka soli iishe,
mradi hukulivuka tundu, jibu halibadiliki.
Na namna za kubadilishana viti ni sita tu.
Tulizihesabu kwa vijiko. Ya saba hakuna,
hata uzunguke hadi Pasaka.
Zungukia yote matatu, na lile la mbali likiwamo,
kila kijiko kinarudi kilipokuwa,
ungedhani hakuna aliyetoka nyumbani.

Nikamweleza umbo lake, nikiziba kingo kwa mawazo,
kwa kuwa gundi ilikwisha:
kule mbali matabaka yote matatu yanabanwa kwa nukta moja,
na ukilipuliza hewa hilo furushi la viraka
unapata mpira.
Mpira? Mpira.
Kazi yote hii, akasema, na mpira tulikuwa nao.

Kisha, bila kuniangalia:
Na bibi je, alibadilisha tabaka?
Bibi yake ni dada yangu Zdislava,
aliyetoka kwa mlango huu mwaka wa sitini na nane
na sanduku la vinanda vya mkono lisilo na kinanda,
akarudi baada ya miaka ishirini na miwili
kwa mlango huu huu, ngazi zile zile,
kabichi ile ile ikichemka kwa jirani,
akasimama kizingitini akauliza
kama aruhusiwe kuingia.
Usinifanyie karatasi kuwa watu, nikamwambia.
Shika hapa. Bonyeza.

Amelala sasa, gundi imemkauka vidoleni.
Bili yenyewe mwisho Ijumaa.
Nimevaa miwani, nasoma namba ya akaunti:
mbili, sifuri, sita, nane,
mstari unapita kwenye mkato
na ninajikuta Židenice, saa kumi na mbili na dakika saba,
tramu ya mwisho kwa siku za kazi.
Nusu ya pili ya namba ipo,
haijapotea.
Naweka kidole kando ya tundu
na kuanza kuzunguka upya.