Dirisha Namba Saba

Farasi wa Obihiro hawakimbii.
Wanavuta. Tani nzima ya mnyama,
sleji ya chuma nyuma yake,
vilima viwili vya mchanga ulioumwa na Februari,
na kati ya kilima na kilima wanasimama kuvuta pumzi,
nasi tuliolipa kutazama mbio
tunatazama mvuke.

Mimi hukaa nyuma ya kioo, dirisha namba saba.
Mwaka wa kumi na tisa huu napokea noti
zenye harufu ya maziwa na tumbaku.
Sijacheza hata yeni mia.
Mama alisema kamari ni shimo.
Sikumwambia kwamba mchimba shimo
ndiye anilipaye mshahara.

Jumapili ile palikuwa na bango langoni:
asilimia tano ya kila tiketi ya leo
itakwenda kwa walioporomokewa na mlima.
Herufi zilipendeza mno kwa habari kama ile.

Bonde lile nalijua.
Kaka yangu Shunpei alikuwamo,
usiku wa tano analala ukumbini, katika shule,
kichwa chini ya goli la mpira wa kikapu.
Sikumwambia mtu.
Nilihesabu chenji.

Wakaja, wengi kuliko sikukuu.
Sadaka mkono mmoja, tamaa mkono wa pili,
na kwenye kitundu cha kioo
sikuweza kujua ni upi ulionipa noti.

Kisha mzee Hatakeyama,
yule wa yeni mia na kikohozi,
akasukuma elfu kumi, noti mpya, haijakunjwa.
"Namba nane."

Namba nane alikuwa Tsuyuharai, miaka kumi, magoti mabovu.
Mwenda pole hajikwai, husema watu;
huyu alijikwaa katika upole wenyewe.

"Mzee, asilimia ni ileile, ashinde asishinde.
Huna haja ya kupoteza."

"Hesabu naijua," akasema.
"Leo sitaki kurudi nyumbani na kitu."

Kengele.
Kilima cha kwanza, wote.
Kilima cha pili kikawakataa:
mmoja akapiga magoti,
mmoja akageuza shingo kama anayeitwa,
waendeshaji wakapiga kelele, mijeledi ikapiga hewa,
na Tsuyuharai, aliyechelewa kufika penye shida,
akafika na pumzi yake yote.
Akapanda.
Hatua. Kituo. Hatua.
Uwanja mzima ulinyamaza
kama watu wanaosikiliza chini ya kifusi.

Mara thelathini na nane.

Mzee aliikunja tiketi, akaitia ndani ya kofia,
akatoka.

Nilifunga dirisha watu wakiwa kwenye foleni.
Nikamkimbilia thelujini na viatu vya ndani.
Nikamwambia: isipodaiwa siku sitini
fedha inarudi kwa wenye uwanja.
Si kwa wenye tope. Hapana mtu itakayemfikia.

"Nilikuja kutoa," akasema, "na sasa nimepewa."
Aliona haya, kama aliyekutwa anakula msibani.

Hapo ndipo nilipomwambia, sijui ulimi ulitoka wapi:
kaka yangu anachota udongo ndani ya nyumba yake
kwa mabuti aliyookota,
yote mawili ya mguu wa kushoto.

Hakujibu. Alitazama viatu vyangu,
vimeshalowa.
Akavua kofia.

Wiki tatu baadaye Shunpei akapiga simu.
Limekuja lori, anasema, jozi mia na kumi za mabuti,
meusi, imara, barua hakuna,
na yote, dada, yote
ya kipimo kimoja, kidogo,
kama mnunuzi alipima mguu wake mwenyewe
akadhani ni wa dunia.
Yanabana. Vidole vinalia.
Lakini tumefika jikoni,
tumeona sakafu.

"Ni ya nani haya?"

Nyuma yangu mtu aligonga kioo, mbio za nne zinaanza.

"Ya farasi," nikasema,
nikafungua dirisha.