Fundi Cherehani Pwani ya Prerow

Miaka thelathini na minne nimeshona mabega.
Ndiyo, mabega. Kiwandani Rostock kila fundi alikuwa na kipande chake:
Heidrun mifuko, Walburga vifungo,
mimi pamba na turubai laini,
nimtengenezee mwanamume bega ambalo mamaye hakumzaa nalo.
Kanali, tarishi, mkaguzi wa treni,
wote waliingia mikononi mwangu wakiwa mteremko
wakatoka wamenyooka kama rafu.
Kwa hiyo usinifundishe habari za nguo.
Nazijua kama mwosha anavyoijua aibu ya maiti.

Kila Julai kiwanda kilifungwa wiki mbili,
tukaja huku, nyuma ya misonobari iliyopindwa na upepo,
tukavua.
Hatukuwa na falsafa. Tulikuwa na mayai ya kuchemsha,
redio ya Jochen iliyokamata stesheni moja,
na sheria ambazo hakuna aliyeziandika:
kalia taulo lako, salimia,
macho yako yawe na shughuli nyingine.
Hapa wanaokonyeza ni konyeza peke yao,
nao huachwa mchangani mpaka jua liwakaushe.

Watoto walizoea magoti ya bibi zao,
matumbo yenye michirizi ya uzazi,
kovu la Jochen la kidole tumbo, refu kama zipu.
Mwanangu Tilo alijua mapema
kwamba mtu huanza kuzeeka kwenye viwiko.
Leo mkewe ananiambia, kwa sauti ya chini, sauti ya benki:
"Mama, watu watasemaje?"
Watu gani? Yule wa bango la kituo cha basi,
msichana wa chupi, urefu wa ghorofa mbili,
waliyemfuta mpaka kitovu?
Huyo ndiye aliye uchi, mwanangu.
Mimi nimevua tu.

Kisha ukaja ule mwaka wa hospitali.
Waliniondolea titi la kushoto,
wakanipa la silikoni ndani ya kisanduku
pamoja na karatasi ya maelekezo, kama pasi mpya.
Nikalishonea mfuko, kwa mkono, mshono usioonekana.
Nikalivaa msimu mzima wa baridi.
Kila usiku lilinitazama kutoka mezani
mithili ya mgeni asiyejua kuaga.
Nguo ya kuazima haisitiri matako;
titi la kuazima nalo, nikaona, halisitiri huzuni.

Julai ile nilisimama juu ya ngazi za mbao,
taulo limenizunguka mara mbili.
Upepo wa kaskazini. Nikasema nitahesabu hadi kumi.
Nikafika sitini.

Aliyekuwa amekaa chini pale ni Lothar Wiechmann wa bandarini,
yule niliyemwekea tabaka mbili za pamba bega la kulia.
Sasa bega limeshuka mahali lilipotaka tangu awali,
na tumboni pake pamebandikwa mfuko mdogo wa plastiki
unaofanya kazi ambayo utumbo umeikataa.
Aliniona. Aliona na ule uwanda kifuani pangu.
Akasogeza kikapu chake cha cheri,
akapangusa mchanga pale ambapo taulo langu lingekaa,
akasema, "Maji nyuzi kumi na saba. Si mabaya."

Basi.
Hakuna aliyenikumbatia, hakuna aliyeniita shujaa.
Niliingia baharini, baridi ikanishika pande zote,
hata pale ambapo sina kitu,
hasa pale.

Jioni huvaa tena. Sina ugomvi na nguo.
Blauzi ya kitani, vifungo sita,
cha nne kimelegea tangu Pasaka.
Sindano ninayo, uzi ninao.
Nitakikaza, lakini si leo.