Karibuni Sana Mavi

Tumefika kibaoni, basi likakata mwendo,
Uturuki milimani, zeituni kando kando,
Nikasoma kwa makini, macho yasilete tando,
Kwa herufi za uhondo: KARIBUNI SANA MAVI.

Feride, rafiki yangu, twasoma naye Izmiri,
Kabeba mfuko wangu, akasema kwa fahari,
“Hapa ndipo kwa babangu, ukoo ni mashuhuri,
Tangu dahari dahari, sisi ni watu wa Mavi.”

Kwao mavi ni buluu, rangi ya anga na maji,
Milango chini na juu, na ghala la mfugaji,
Wamepaka hata guu la kiti cha muuzaji,
Kweli, kizuri kijiji: kila pembe kuna mavi.

Mimi, mtoto wa Tanga, nilikuwa natokota,
Kicheko nimekifunga, mashavu yakinivuta,
Bibi Zulfiye na shanga mlangoni katukuta,
Akasema, “Umepata! Mgeni ni tunu Mavi.”

Meza ikaandaliwa, jibini na zeituni,
Vyakula vikasifiwa, asili ya kijijini,
“Kula! Mbona wachelewa? Mkono wasita nini?
Hakuna humu nchini kitamu kama cha Mavi!”

Baba yake, Hikimeti, kaja mwisho wa chakula,
Ndiye mwenye kile kiti cha enzi hapo mahala,
Kafunua katikati boksi lake kwa jamala,
Kasema, “Usije lala, nusa sabuni ya Mavi!

“Twaiuza kila pande, Berlini hadi Baghdadi,
Nataka nayo iende kwenu Tanga, na zaidi,
Uniambie nitende lipi ili tufaidi.
Tangazo langu shadidi: ‘Jipake, ung’are — Mavi!’”

Chai ilinipalia, ikatokea puani,
Nikacheka, nikalia, nikashika mbavu chini,
Wakakaa wangojea, bilauri mkononi,
Nikasema, “Samahani… kwetu sisi, mavi… mavi.”

Nikawaonyesha mbuzi, kwa nyuma, yakidondoka,
Bibi kaangusha uzi na sindano, akaruka,
Baba mtu, kama mwizi, sabuni akafunika,
Kimya kirefu, hakika; inzi tu wavuma Mavi.

Kwanza alicheka Bibi, sauti ikimvuja,
“Wacha niseme, habibi: usiku wangu wa kuja,
Nilisema tu, ‘Ya Rabi, mazizi haya kioja!’
Leo mjuzi mmoja ameielewa Mavi!”

Baba mtu, kwa hasira, kauliza, “Jina nani?”
Feride kashika sura, akaniminya guuni,
Nami, mtu wa busara, nikataja hadharani
Jina zima: “Sikudhani. Natoka Tanga, si Mavi.”

Chai, zamu yake baba, ikamtoka kwa pua,
Bibi akaomba toba, mikono akiinua,
Watoto wawili, saba, uani wakaugua,
Mbuzi tu hakutambua cheko la watu wa Mavi.

Kumbe silabi ya kwanza ya jina nililopewa
Kwao ni cha kukitunza chini ya mkanda, sawa?
Darasani nikianza kujitaja, nazomewa,
Bila mimi kuelewa, mpaka siku ya Mavi.

Tukapatana jioni, za Tanga ziwe na jina
Langu, juu ya sabuni; za kwao, lao la shina.
Mpakizi bandarini kachanganya, hakuona:
Mama kafungua jana boksi mia za MAVI.

Na kule kwa Hikimeti, sokoni, meza ya mbele,
Imepangwa kama noti, safu kumi, tele tele,
Wanunuzi kwa umati wasoma, ni makelele.
Kwamba yangefika pale — sikudhani. Sikudhani.