Ubavu wa Waziri

Mama alinieleza
kitu chema chajiuza,
kibaya chajitembeza
njiani na mitaani.

Nikapika vyangu vyema,
vitumbua vya heshima,
iliki na nazi nzima,
vikapangwa siniani.

Nikangoja. Saa nne
vimeondoka vinne,
na mnunuzi mwingine
akaandikisha deni.

Alasiri wakapita
nzi nisiowaita;
vikalala na mafuta
hadi taa za jioni.

Vikaliwa na wanangu,
faida ya siku yangu;
nami na hesabu zangu
tukabakia jikoni.

Mithali hainunui
unga, wala haijui
kwamba duka halikui
kwa dua za barazani.

Nikauliza redio:
"Bei imeshuka leo,
dakika moja ya cheo
noti nne, mkononi."

Mwenye bango akapima
ukuta mbele na nyuma,
akataja. Nikahema
kama changu mchangani.

Mfukoni nina mia
mbili, za gesi kutia,
na rangi ilosalia
ya buluu uvunguni.

Papo hapo akapita
Bunu, punda amvuta,
magunia yametota
ya mchanga, mgongoni.

Jina la punda, Waziri;
asubuhi, adhuhuri,
hata mwenye ufahari
humpisha ukutani.

Na umpishapo punda
macho yako yataganda,
uwe shehe, uwe kinda,
kwenye gunia usoni.

Nikamwita: "Bunu, mwana,
kitambaa hiki, bwana,
kifunge palipo pana
kwa Waziri ubavuni.

Malipo ni vitumbua
vitatu; na ukitua
mzigo, utachukua
kingine, cha shukurani."

Sina brashi, ni kidole:
herufi kubwa za mbele,
zilobaki nywele-nywele
zabanana ukingoni.

VITUMBUA VYA THUREYA
MOTO, NAZI, BILA HAYA
UKILA UTAREJEYA
NYUMA YA KINU, LANGONI

Siku ya kwanza, hakuna.
Ya pili, kaja kijana
akicheka, akanena:
"Waziri yuko jikoni?"

Ya tatu, mambo si mambo:
Waziri akenda kombo,
akasimama kitambo
kwa Rukiya, Mkomani.

Rukiya muuza mofa,
wa ukoo wenye sifa,
akatoka nusu kufa
kwa kicheko, si utani.

Kwani punda katafuna
tangazo, nusu ya jina,
mwanzo wote, mbele hana,
mwisho u vile nguoni.

Kukabakia: THUREYA,
chini yake: BILA HAYA,
halafu tena: REJEYA,
na mwisho wake: LANGONI.

Mji wote ukacheka.
Kesho yake wakafika
kuja kuona mpika
asiye haya usoni.

Walikuja kutazama,
wakanusa, wakakwama;
asonunua kauma
cha mwenziwe mkononi.

Rukiya naye kaleta
mofa mbili, akapata
vitumbua, tukateta
bei ya nazi sokoni.

Akasema: "Punda huyo
ana mbavu mbili. Hiyo
yako. Nyingine isiyo
na neno, nipe, jirani."

Sasa Waziri hubeba
matangazo bila riba,
hulipwa pumba za shiba
asirudie nguoni.

Hesabu: rangi, bilashi;
kitambaa, cha mapishi;
pumba tu zina ubishi:
Bunu adai sabini.

Mama juzi kauliza
ni kipi kimejiuza
na kipi nimetembeza
mitaani na njiani.

Nikampa kitumbua;
akala, akachukua
cha pili. Nje apumua
Waziri, yu mlangoni.