Dhamana ya Ziada

Laki sita na arobaini, miaka miwili,
anasema kijana wa duka la magari hapa Tabora.
Kalamu ameshaifungua.

Nasoma maandishi madogo
kama ninavyosoma vichupa vya dawa kazini:
injini ndiyo, giaboksi ndiyo,
betri hapana, tairi hapana,
hitilafu itokanayo na vumbi, hapana.
Kijana, mimi naishi Ulyankulu.
Vumbi kwetu lina mto na shuka lake.

Na matengenezo?
Dar es Salaam tu, mama.
Kwa hiyo likinizimikia porini
nijitwike, nitembee nalo?

Ninaye Mihayo, fundi wa Ng'ambo.
Dhamana yake maneno mawili: Likifa, niite.
Pikapu ya baba aliifufua mara tatu,
malipo akachukua debe la asali, tena nusu.

Ila Mihayo ana miaka sabini na moja,
na kikohozi cha tangu masika
kimekataa kuhama.
Yeye naye, nani anamdhamini?

Feni inapekua kurasa kabla yangu.
Natoka nje, nampigia.
Inaita. Inaita.
Anapokea, anakohoa kwanza,
halafu anauliza:
"La rangi gani?"