Weupe Usio na Namba

Mchana natengeneza meno.
Meno ya wazee wa Machynlleth na ya mashamba ya juu,
meno ya mwalimu aliyeangushwa na baiskeli.
Droo yangu ina weupe kumi na sita,
kila mmoja na namba yake:
weupe wa mnywa chai, weupe wa mvuta kiko,
weupe wa binti anayeolewa Jumamosi.
Miaka thelathini sijakosea weupe wa jino.

Usiku, mezani jikoni,
nakosea weupe wa kondoo.

Rangi ya maji haina subira.
Unaigusa karatasi, nayo imekwisha kuamua.
Ukirudi kuibembeleza inanuna,
ukirudi tena inageuka tope.
Maji yakimwagika hayazoleki:
aliyesema hivyo, nina hakika,
aliwahi kupaka anga akapitiliza.

Mafuta nayo ni mgeni asiyejua kuaga.
Wiki ya tatu, shavu la dada yangu Gwladys bado bichi.
Nalikwangua kwa kisu, nalirudishia,
leo ana miaka hamsini, kesho kumi na tisa,
keshokutwa ni mjomba wetu aliyekuwa bondia.
Nyumba nzima inanuka tapentaini.
Paka amehamia kwa jirani, wala simlaumu.

Miaka saba sasa. Nimejifunza
kwamba kivuli si cheusi;
kwamba mlima wetu, Novemba, saa tisa alasiri,
una zambarau ambayo nikiitaja dukani wananicheka;
kwamba brashi ya bei poa huacha nywele zake angani
na watu, ukiwaambia ni ndege, wanakubali.
Mkono wa binadamu umenishinda.
Ndiyo maana Gwladys ameificha yake mifukoni.

Februari nilikwenda kwa Idwal Pugh,
meno yake ya chini yalikuwa yanamchubua.
Nyuma ya mlango, juu ya sanduku la fyuzi,
nikakutana na mto Dyfi niliompa Krismasi ya juzi.
"Unaficha nyaya," akasema, "na unaficha vizuri."

Nilitazama kama mtu anavyotazama picha ya pasipoti yake.
Daraja limepinda. Maji yamesimama kama ukuta.
Lakini pembeni kushoto, ndani ya ukungu,
kondoo watatu.

Sikuwapaka mimi.
Nakumbuka jioni ile: nilifika pale kwenye kona,
simu ikalia, daktari anataka meno ya haraka,
niliporudi karatasi ilikuwa imekauka
na mahali pa kondoo palibaki patupu.
Nikaona uvivu kuendelea. Nikatia sahihi.

Na walikuwa weupe.
Weupe uliokuwapo kabla yangu,
ambao kwenye droo yangu hauna namba.

"Nirudishie siku mbili tu," nikamwambia,
"nilinyooshe lile daraja."
Idwal alikuwa amekwisha kunikabidhi meno,
akajibu kwa ufizi mtupu, maneno yakimteleza:
"Liache. Nikija asubuhi kuwasha umeme,
nalikuta daraja limelewa,
najiona mimi nimesimama wima."

Nikapiga msasa, unywele mmoja tu, nikang'arisha.
Akayavaa, akaung'ata upepo mara mbili,
akacheka kwa weupe namba tisa.
Hiyo kazi, walau, naijua.

Nimerudi nyumbani. Nimelowesha karatasi mpya,
mlima umeingia bila kelele,
mto umekubali kutiririka, kidogo.
Nimefika kwenye kondoo.
Nimeweka brashi chini, nimekalia mikono yangu,
nasubiri simu ilie.

Haikulia.
Nikawagusa kidogo. Kidogo tu,
miguuni.

Asubuhi hii jiko limewaka upesi,
karatasi nzuri hiyo, ya pamba tupu.
Nimebakiwa na kumi na moja.